Kurudia Namba si Ujinga

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Jioni nyingine, tukiwa tumekaa inje hapa Mulungwishi, ndege inapita juu sana. Watoto wanasimama barabarani, wananyoosha mikono, wanapiga makelele mpaka inapotea upande wa Lubumbashi. Sisi wakubwa tunainua macho kidogo, kisha tunarudia mazungumuzo yetu. Mimi pia nilikuwa hivyo. Lakini tangu nilipojifunza namna watu wa ndege wanavyosemezana, kila nikisikia mulio ule ninafikiri juu ya kazi yetu, juu ya foni zetu, juu ya dawa ninazogawanya katika dispensari, na juu ya neno moja dogo linalotuletea hatari kila siku. Neno lile ni « ndiyo ».

Utaniuliza: ndege na mugoti vinafanana wapi? Sisi tuko chini na udongo, wao wako juu na mawingu. Sikiliza kwanza, kisha utanihukumu.

Piloti anasema nini kule juu?

Piloti haoni barabara wala kibao. Usiku, ao ndani ya mawingu, haoni hata ardhi. Chini, katika munara wa uwanja wa ndege ao katika chumba chenye mashine, kuna mutu anayeongoza ndege zote za upande wake kwa foni. Kwa ufupi nitamwita mutu wa munara. Yeye anapashwa kujua kila ndege iko wapi na iko juu kiasi gani, ili asiweke ndege mbili katika nafasi moja, wala asiteremushe ndege juu ya mulima.

Basi wanasemezana kwa namba. Mutu wa munara anasema: « Shuka mpaka futi elfu saba mia tano. » Piloti hajibu « ndiyo, mukubwa ». Anarudia namba nzima, pamoja na jina la ndege yake. Tena hakuna anayechagua namna yake ya kutamka. Namba zingine zinasemwa tarakimu moja moja: tatu, tano, sifuri. Zingine zinasemwa kwa kutaja elfu na mia waziwazi. Sheria ni moja kwa dunia yote, toka Lubumbashi mpaka Ulaya.

Kipimo chenyewe kina maneno yake. Mashine inayomwonyesha piloti urefu wake inapima uzito wa hewa. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi: karibu na ardhi inapungua milibari moja kwa kila futi 30 hivi. Lakini hewa inabadilika, leo nzito, kesho nyepesi. Kwa hiyo munara unamupa piloti namba ya hewa ya siku ile, naye anaiweka katika mashine yake. Akikosea kwa milibari 10 tu, mashine itamudanganya kwa futi kama 300, ni kusema mita 90. Ndiyo sababu namba ya hewa nayo inapashwa kurudiwa kwa sauti. Ndege zikiwa juu sana, zote zinaweka namba moja, 1013, ili zote zidanganyike sawasawa na zisigongane.

Jambo lingine: futi zile zinahesabiwa toka bahari, hazihesabiwi toka ardhi. Uwanja wa Luano, pale Lubumbashi, uko karibu futi 4,300 juu ya bahari. Piloti akisema pale « niko futi 6,000 », chini ya tumbo la ndege yake kuna futi kama 1,700 tu. Namba inaonekana kubwa, lakini nafasi ni ndogo. Namba ambayo hujui imepimwa toka wapi ni namba ya hatari.

Siku hizi ndege ina mutambo unaotuma urefu wake wenyewe mpaka katika kioo cha mutu wa munara. Hata hivyo, piloti anapoita mara ya kwanza anataja urefu wake kwa kinywa, ili mutu wa munara aulinganishe na ule wa mutambo. Mashine haikufuta kinywa.

Siku ndege kubwa ilipokaribia kugusa udongo Nairobi

Tarehe 3 Septemba 1974, ndege Boeing 747 ya kampuni British Airways ilikuwa inakaribia uwanja wa Nairobi. Mutu wa munara aliwaambia mapiloti washuke mpaka futi 7,500. Alitaja tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Ndani ya ndege walisikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Walirudia walichosikia: futi 5,000. Mutu wa munara hakukamata kosa. Hakusema « hapana ».

Sasa tazama hesabu. Uwanja wa Nairobi wenyewe uko futi 5,327 juu ya bahari. Kushuka mpaka futi 5,000 pale ni kushuka ndani ya udongo! Watu wenye elimu, wenye masaa mengi ya kazi, walikuwa wanashuka wametulia kuelekea chini ya ardhi. Walipotoka katika mawingu waliona udongo umekwisha kufika, wakainua ndege kwa nguvu. Ilikuwa imebakia kama futi 70, ni kusema mita 21. Uwanja ulikuwa bado mbali mbele yao. Hakuna aliyekufa siku ile.

Ndugu, ninapofikiri jambo hili ninaona makosa matatu, na yote matatu ninayakuta kwetu. La kwanza, sikio lilikosea. Hilo si zambi, masikio yote yanakosea. La pili, yule aliyetoa namba hakusikiliza iliporudi. Kurudia kulifanyika, lakini kulianguka katika sikio lililokwisha kwenda kwa kazi nyingine. La tatu, hakuna aliyeipima namba kwa akili yake: « Futi 5,000? Hapa Nairobi? Inawezekana namna gani? »

Miaka 15 nyuma, tarehe 19 Februari 1989, ndege ingine ya Boeing 747, ya mizigo, ya kampuni Flying Tiger, ilikuwa inashuka kuelekea Kuala Lumpur, kule Malaysia. Munara ulisema kwa Kiingereza washuke futi 2,400, tarakimu moja moja. Katika luga ile, namba mbili na neno « mpaka » yanatamukwa sawasawa. Piloti alifikiri ameambiwa: shuka mpaka mia nne. Akajibu: « Mia nne. » Munara haukumurudisha. Safari hii mawingu hayakuwapa nafasi ya kujiokoa. Ndege iligonga kilima, na watu wote 4 waliokuwa ndani walikufa.

Na sisi, « six » na « dix » zetu

Usicheke Kiingereza chao. Sisi hapa tunazungumuza Kiswahili, lakini kwa kazi tunahesabu Kifaransa. Simama karibu na mashine inayonguruma, vaa vizuizi vya masikio, shika foni yenye kukwaruza, kisha mwambie mwenzako « six ». Atasikia nini? Pengine « six », pengine « dix ». Mwambie « treize », atasikia « seize ». Hata katika Kiswahili, tatu na tano, ukizisema upesi katika upepo, ni ndugu wa tumbo moja.

Tuseme fundi wa umeme anaomba wakate umeme wa mustari 6, na yule wa kwenye kabati anakata wa 10. Anajibu: « Ndiyo, tayari. » Fundi anaweka mukono. Ao tuseme posti ya usiku iliweka baruti katika mashimo 16, na posti ya asubui ilisikia 13. Wanahesabu milipuko 13, wanafurahi, wanaingia. Mashimo matatu yenye baruti yanawangojea katika mwamba. Ninasema « tuseme », lakini kila mutu mwenye miaka kumi ya kazi anaposoma musitari huu anajua ya kuwa sikutunga ndoto.

Wazee waliofanya kazi chini ya ardhi wanakumbuka kengele ya kaji. Katika migoti mingi yule wa chini alipiga, na yule wa juu alirudisha mapigo yale yale mbele ya mashine kutembea. Ikiwa mapigo yaliyorudi si yale aliyotuma, kaji haikutembea. Wazee wale, wengi wao hawakusoma sana, walikuwa na sheria ile ile ya mapiloti. Sisi tuna foni mupya za kila rangi, na tumeiacha sheria. Tunajibu « ndiyo », « ok », « bien reçu », na kila mutu anakwenda na namba yake kichwani.

Kosa langu mwenyewe

Nisije nikaonekana kama mutu anayehubiri wengine akiwa amejificha nyuma ya koti jeupe, nitasimulia langu.

Mbele ya kuja kufanya kazi hapa, nilikuwa katika kituo kimoja cha afya. Asubui moja kulikuwa wagonjwa wengi. Mama mumoja alileta mutoto mwenye homa. Nilimupima, nikamupa mama chupa ya dawa ya maji ya kushusha homa, nikamwambia: « Kijiko kidogo kimoja, mara tatu kwa siku. » Mama akajibu: « Ndiyo, munganga. » Nikaita mugonjwa mwingine.

Jioni mama alirudi akikimbia, mutoto mugongoni akitapika. Alikuwa amesikia « vijiko vitatu ». Tena nyumbani kijiko alichokuwa nacho ni kile kikubwa cha kulia. Alimupa vijiko vitatu vikubwa asubui na vitatu muchana, mpaka jirani yake mumoja alipoona chupa imekaribia kwisha na kumuuliza. Dawa ile, ambayo watu wanaifikiri kuwa dawa ndogo ya kila siku, ikizidi inaweza kuharibu maini, na mutoto anaweza kufa. Tulimupeleka kwa munganga mukubwa usiku ule ule, wakamulinda. Mungu alisaidia, akapona.

Wenzangu walisema: « Mama yule hakusikia vizuri. » Hapana. Mama alifanya alichosikia, kwa uaminifu wote. Ni mimi niliyekosa. Nilichukua « ndiyo » yake kama malipo, nikafunga hesabu. Kama ningalimuuliza: « Mama, niambie sasa, nyumbani utafanya namna gani? », angesema vijiko vitatu, nami ningesema hapana, na maneno yangekwishia pale pale juu ya kiti. Ingechukua dakika nusu. Tangu siku ile hakuna mama anayetoka kwangu na dawa mbele ya kunionyesha kijiko na kunirudilia hesabu. Wengine wananicheka. Wacheke.

Wale wanaokataa

Nimezungumuza jambo hili na watu wengi kazini, na ninajua majibu yao.

Wa kwanza anasema: « Tunapoteza wakati. » Ndugu, umekwisha kutuma feza kwa kabini ya M-Pesa ao Airtel Money? Mutu wa kabini anafanya nini? Anakusomea namba ya simu moja moja, sifuri, nane, moja, na wewe unakaza macho juu ya karatasi. Anakutajia jina linaloonekana. Anakuuliza tena ni kiasi gani. Wewe humwambii « unanipotezea wakati ». Unaogopa feza yako isiende kwa mutu mwingine. Basi, kwa feza tunarudia, na kwa roho ya mutu hatutaki kurudia? Feza iliyopotea inaweza kurudishwa, hata kama ni kwa taabu. Mukono uliokatika haurudi.

Wa pili anasema: « Nikirudia, wataniona mujinga, kama vile sielewi kazi. » Hili ndilo linalotuua. Tumefundishwa toka shuleni ya kuwa mutoto mwenye akili anasikia mara moja. Piloti wa ndege kubwa, anayebeba watu mia tatu, anarudia namba mbele ya watu wote wanaosikiliza foni ile, kila siku, maisha yake yote, na hakuna anayemwita mujinga. Asiporudia, mutu wa munara anamurudilia mpaka arudie.

Wa tatu hasemi kwa sauti, lakini ninasikia moyo wake: « Mukubwa wangu anakasirika. » Hapa ninaomba ruhusa ya wakubwa, mashefu wa ekipi na makapita, niseme wazi. Mukubwa anayejibu « Husikii? Una masikio ya nini? » kwa mutu aliyerudia namba, siku ile amewafundisha watu wake wote kunyamaza. Kesho watamujibu « ndiyo » kwa kila kitu, hata kwa kile wasichosikia. Ataona ekipi yake ina utii muzuri. Kumbe amejitengenezea ekipi ya vipofu. Maoni yangu ni haya: mukubwa anayemukaripia mutu aliyerudia anafanya kosa la usalama, sawa na mutu aliyeingia kazini bila kofia ngumu, na afaa kuambiwa hivyo.

Usitangaze usipofika

Lakini kurudia peke yake hakutoshi. Tarehe 12 Novemba 1996, kule India, karibu na muji wa Delhi, ndege moja ya Kazakhstan ilikuwa inashuka na ndege ya Saudi Arabia ilikuwa inapanda, katika njia moja. Munara ulimupa wa Kazakhstan futi 15,000, na wa Saudi futi 14,000. Kati yao nafasi ya futi 1,000: kila mutu katika ngorofa yake. Mashine ya munara wakati ule ilionyesha ndege iko wapi, haikuonyesha iko juu kiasi gani. Mutu wa munara alitegemea kinywa cha mapiloti tu.

Ndege ya Kazakhstan ilitangaza kuwa imefika futi 15,000. Wakati wa kutangaza ilikuwa bado juu yake, inaendelea kushuka, na haikusimama. Ilipita 15,000, ikashuka karibu na 14,000, ikagongana na ile ingine. Watu 349 walikufa. Hakuna aliyebakia muzima.

Maneno yalikuwa mazuri, lakini maneno na mwili wa ndege havikuwa mahali pamoja. Je, wewe hujasikia mutu akisema kwa foni « umeme umekatwa » akiwa angali anatembea kwenda kwenye kabati? « Watu wote wametoka » akiwa hajahesabu? Anafikiri ataikamilisha nyuma ya dakika moja, basi ni sawa tu. Sivyo. Ukitangaza mbele ya kufika, mwenzako anaanza kuishi juu ya neno lako, na neno lako bado halina kitu chini yake. Fanya, tazama kwa macho, ndipo useme.

Kimya pia ni habari

Mufano wa mwisho ni wa jirani zetu, na wazee wengi wanaujua kwa sababu ulihusu Katanga yetu. Tarehe 17 Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mukuu wa Umoja wa Mataifa, alitoka Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kwenda Ndola. Alitaka kukutana na Moïse Tshombe ili vita vya Katanga visimame. Nyuma ya saa sita ya usiku ndege yake, DC-6, iliita munara wa Ndola: inaona taa, iko juu ya Ndola, inashuka, inaomba kuhakikishiwa namba ya hewa. Munara ulijibu: 1021, na utuambie ukifika futi 6,000. Ndege ilirudia namba ya hewa: 1021.

Kisha kimya. Ile habari ya kufika futi 6,000 haikuja kamwe.

Juu ya sababu ya ajali ile watu wamebishana zaidi ya miaka 60. Umoja wa Mataifa uliufungua uchunguzi tena, na ulimupa kazi hiyo jaji wa Tanzania, Mohamed Chande Othman. Mimi si jaji. Ninachotaka uangalie ni masaa yaliyofuata. Wakubwa waliokuwa Ndola walifikiri ndege imeamua kwenda pengine. Mabaki yake yalifikiwa muchana, masaa kama 15 nyuma ya kimya kile, na yalikuwa katika pori kilometa kama 15 tu toka uwanja. Kati ya watu 16 kulikuwa mumoja angali muzima, mulinzi Harold Julien, ameungua, amelala chini ya jua. Alikufa hospitalini Ndola siku chache nyuma.

Sisemi angepona kama wangefika asubui. Lakini ni kazi yangu kujua hili: mutu aliyeungua sana anapoteza maji ya mwili saa kwa saa, na masaa ya kwanza ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Habari ilikuwako tangu saa sita ya usiku. Ilikuwa habari ya kimya, na hakuna aliyeisoma.

Kwetu, mutu ameaga « ninakwenda kutazama pampu, nitarudi saa nane ». Saa nane inapita. Saa tisa inapita. Wenzake wanasema: « Pengine amekwenda kula. Pengine foni yake imekwisha moto. » Neno « pengine » ni mutoto wa neno « ndiyo », yote mawili yanatusaidia kutofanya kitu. Kama mutu ameahidi kuita na hajaita, habari imefika: nenda ukamutafute. Ukimukuta anakula, mucheke pamoja, na urudi kazini. Hiyo ndiyo hasara yake yote.

Ninachoomba

Ndugu, ninaomba mambo machache, na hayadai hata franga moja toka sanduku la kampuni.

Namba yoyote ya kazi, ya mustari wa umeme, ya mashimo ya baruti, ya saa ya kupasua, ya tani za kuinua, isihesabiwe kuwa imetolewa mpaka yule aliyeipokea ameirudia. Aliyeitoa asikilize mpaka mwisho, kisha aseme « sawa, ni hiyo », ao « hapana ». Akikaa kimya, kazi isianze.

Namba zinazofanana katika sikio tuziseme tarakimu moja moja. Kwa 16 sema « moja, sita ». Kwa 13 sema « moja, tatu ».

Mbele ya kuitumia namba, ipime kwa akili. Je, mahali hapa namba hii inawezekana? Kama ni futi 5,000 pale Nairobi, simama, uulize.

Posti zikibadilishana, yule anayeingia ndiye asimulie alichopewa, si yule anayetoka tu. Na kila mutu anayekwenda peke yake mahali pa mbali aache saa ya kurudi kwa mutu mumoja anayejulikana, ambaye atainuka kumutafuta saa ile ikipita.

Na wewe mama, hospitali na dispensari ni kazi yako pia. Munganga akikupa dawa, usiogope koti lake. Mwambie: « Ngoja, munganga, nirudie. » Taja jina la mutoto, ni kijiko gani, ni vingapi, ni mara ngapi, ni siku ngapi. Akikasirika, kosa ni lake, wala si lako. Ukimutuma mutoto kwa jirani na ujumbe, mwambie aurudie mulangoni mbele ya kuondoka. Hivyo atazoea akiwa mudogo, na siku atakapovaa kofia ya kazi haitakuwa haya kwake.

Ninajua ya kuwa wiki moja ya kwanza tutachekana. Mutu atarudia, na wenzake watamwiga kwa sauti ya piloti. Ni vizuri, wamwige. Maana kwa kumwiga watakuwa wamerudia namba nao.

Kesho jioni, ndege ikipita juu ya Mulungwishi na watoto wakipiga makelele, inua macho. Kule juu kuna mutu mwenye elimu kubwa, na pengine saa ile ile anarudia kama mwanafunzi namba aliyoambiwa, na chini kuna mwingine anayemusikiliza. Ndiyo sababu watu walio ndani wanaweza kusinzia.

Kazi njema, na murudi nyumbani salama.